Soma Kwanza, Ndipo Uhukumu

Masomo: Mithali 18:13, Matendo 17:22-23, Matendo 9:1-5, Yohana 14:5-6, Mathayo 18:5-6

   

Somo la leo lilinifundisha mimi kwanza kabla sijawaletea ninyi. Nilikosa mbele ya watu wengi. Mchungaji akikosa mbele ya watu wengi, haifai atubu chumbani peke yake. Kwa hiyo nitawaeleza jambo lilivyokuwa, halafu tutaingia katika Neno.

Katika mtaa wetu kuna klabu ya judo. Vijana wanafanya mazoezi jioni, wengine wanafunzi, wengine wanaendesha pikipiki. Klabu hiyo ina nembo yake: herufi moja ya Kijapani, nyeusi ndani ya duara. Imechorwa ukutani, na vijana wanaivaa kifuani kwenye tisheti. Ni klabu ya watu wa mtaa, na nembo hiyo ndiyo inayowatambulisha.

Jumatano moja, katika maombi ya kufunguliwa, mama mmoja wa kanisa alinijia na tisheti ya mwanawe. Kijana ana miaka kumi na mitano. Mdogo wake alikuwa na homa kwa siku kadhaa, na jirani alikuwa amemwambia mama: «Tazama alama hiyo mtoto wako anayoingia nayo nyumbani. Unajua imeandikwa nini?» Mama hakujua. Akaniuliza: «Papa Mchungaji, hii ni nini?»

Wapendwa, jibu la kweli lilikuwa maneno mawili: «Mama, sijui.» Lakini watu walikuwa wananitazama. Nikainua ile tisheti juu, nikasema ni alama ya agano na pepo. Watu wakapiga kelele za maombi. Tisheti ikachomwa moto nyuma ya kanisa.

Habari ikafika nyumbani kabla ya mama. Mjomba wa kijana akasema hawezi kulala chini ya paa moja na mtoto aliyefanya agano, atakula wadogo zake. Akamfukuza usiku ule. Kijana akalala nje usiku wa kwanza. Siku iliyofuata mwalimu wake wa judo akamkuta kwenye mlango wa ukumbi wao wa mazoezi, akamchukua kwake.

Na yule mdogo? Kituo cha afya walipima damu, wakakuta malaria. Akapewa dawa, akapona.

Baada ya siku chache mwalimu yule wa judo alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kugombana. Alinisalimu kwa heshima, akaomba karatasi na kalamu. Akaandika alama ile mbele yangu, akasema: «Mchungaji, nimekuja kukueleza ulichochoma.»

Mnaosoma mtaiona hapa: 道. Ninyi mnaosikiliza, nitawaeleza. Upande wa kulia kuna alama ambayo asili yake ni kichwa cha mtu. Upande wa kushoto kuna mstari unaoshuka na kupita chini, na huo ni alama ya kutembea. Zikiunganishwa zinakuwa neno moja, na neno hilo ni njia. Njia ya kupita kwa miguu, na pia njia ya maisha, mwenendo wa mtu. Wajapani waliipokea kutoka kwa maandishi ya Wachina. Ikisimama peke yake wanaisoma «michi», na ikiungana na neno lingine mara nyingi wanaisoma «do».

Ndiyo ile «do» iliyo mwishoni mwa judo. «Ju» ni ulaini, upole, kutoshindana kwa nguvu tu. «Do» ni njia. Kwa hiyo judo ni njia ya upole. Hata ukumbi wa mazoezi unaoitwa dojo, maana yake ni mahali pa njia. Aliyeanzisha judo ni mwalimu mmoja wa shule, Kano Jigoro, huko Tokyo mwaka 1882. Kabla yake mapigano ya namna hiyo yaliitwa jujutsu, na «jutsu» maana yake ni ufundi. Yeye akaondoa neno ufundi akaweka neno njia, kwa sababu alitaka kijana ajifunze tabia, si kuangusha watu tu. Alifundisha kwamba nguvu itumiwe vizuri, na kwamba wewe na mwenzako mfaidike pamoja. Mwaka 1964 judo iliingia katika michezo ya Olimpiki, Tokyo.

Nilimsikiliza, lakini moyo wangu ulikuwa bado unatafuta njia ya kushinda. Nikamwita mwanafunzi mmoja wa kanisani kwetu mwenye intaneti kwenye simu. Nikamwambia: «Nitafutie Biblia ya Kijapani, Yohana 14:6.» Ninyi mnalijua andiko hilo. Tomaso anamwambia Bwana kwamba hawajui anakokwenda, wataijuaje njia? Na Bwana anamjibu kwamba njia ni yeye mwenyewe. Mwanafunzi akaifungua, akanipa simu. Nikaweka karatasi ya mwalimu kando ya simu. Alama ilikuwa ile ile.

Ndugu zetu Wajapani wanaomwamini Yesu, wanapofungua Biblia kusoma kwamba Yesu ndiye njia, wanasoma kwa herufi hiyo. Na katika Biblia ya Kichina inayotumiwa sana, Yohana 1:1, palipoandikwa kwetu «Neno», wao wameandika herufi hiyo hiyo. Mimi niliinua herufi hiyo juu, nikaiita pepo, nikaichoma.

Sisemi kwamba klabu iliiweka kwa ajili ya Yesu. Hapana, waliiweka kwa ajili ya judo yao. Lakini mimi sikujua hata moja kati ya hayo mawili. Nilitoa hukumu juu ya neno nisiloweza kulisoma, na hukumu hiyo ikamtoa mtoto nyumbani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mithali 18:13 inatuonya kwamba anayetoa jibu kabla ya kusikiliza anajivika aibu mwenyewe. Nimeivaa. Sasa tujifunze mambo matatu.

La kwanza: soma kabla ya kuhukumu.

Matendo 17. Paulo anaingia Athene, mji uliojaa sanamu. Roho yake inachukizwa. Lakini angalieni alivyofanya. Alitembea mjini, akatazama kwa makini, akakuta madhabahu yenye maandishi, akayasoma. Alipoanza kuhubiri, alianzia kwenye maandishi yale aliyoyasoma. Paulo hakuwa mwoga wa mapepo. Aliyafukuza. Lakini hakuita kila asichokijua pepo.

Fikirini pia habari ya Danieli, sura ya kwanza. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akafundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo, na Biblia inasema Mungu mwenyewe ndiye aliyempa yeye na wenzake maarifa katika maandiko hayo. Danieli alijua pa kuweka mpaka. Alikataa chakula cha mfalme, lakini hakukataa kujifunza herufi.

Na sisi tunaitwa watu wa Pentekoste! Siku ile ya Matendo 2, Roho Mtakatifu aliposhuka, kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao. Roho hakuona haya kutumia lugha yoyote. Itakuwaje sisi tuliozaliwa na siku hiyo tuseme kwamba maandishi ya taifa fulani ni ya shetani, kwa sababu tu macho yetu hayajayazoea? Magari mangapi yanafika Kongo kutoka Japani yakiwa na maandishi ya Kijapani ubavuni? Tunapanda, tunaomba njiani, tunafika salama. Herufi ikiwa kwenye gari haituogopeshi. Ikiwa kifuani mwa mtoto maskini, tunaichoma.

Jiulizeni jambo jingine. Nembo ya kanisa letu ina njiwa na ndimi za moto. Mgeni ambaye hajawahi kusoma Biblia akiona ndege na moto ukutani mwetu, naye asiulize, atasema hawa ni watu wa namna gani? Tunataka watu watuulize kabla ya kutusema. Basi na sisi tuwafanyie wengine hivyo.

Najua swali lenu: «Mchungaji, je, hakuna alama za giza?» Zipo. Siwafundishi kulala usingizi. Paulo anawaambia Wathesalonike wapime mambo yote, washike lililo jema. Kupima maana yake ni kuuliza. Uliza: alama hii inasema nini? Uliza: nani ameiweka, na kwa nini? Uliza: inamtaka mtu afanye nini? Kama inamtaka mtoto atoe sadaka kwa roho, ale kiapo cha siri, au aombe kwa mwingine asiyekuwa Mungu aliye hai, mtoe mtoto hapo siku hiyo hiyo. Nilimuuliza mwalimu juu ya kuinama kwao mazoezini. Akasema wanainama kumsalimu mwalimu na mwenzao, kabla ya kushindana na baada yake. Sisi nasi tunainamisha kichwa mbele ya wakubwa wetu, na hakuna anayesema tunawaabudu. Nikamwambia: siku mtoto wa kanisa akiambiwa aombe roho, nitakuja. Akasema: «Karibu hata kesho, Mchungaji. Mlango uko wazi.»

La pili: jina la njia ni la wanaotembea.

Fungueni Matendo 9. Kabla waamini hawajaitwa Wakristo kule Antiokia, walikuwa na jina lingine. Luka anawaita watu wa Njia ile. Angalieni pia Matendo 19:9 na 24:14. Katika Chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba neno la Kiyunani pale ni «hodos», neno la kawaida kabisa, barabara ambayo watu na punda wanapita. Kanisa la kwanza halikuwa na bango wala tisheti. Watu waliangalia wanavyoishi, wakawapa jina.

Nani aliwatesa watu wa Njia? Sauli. Alikuwa mtu wa dini, mwenye elimu, mwenye bidii, mwenye barua mkononi, na alikuwa na hakika kabisa kwamba anamtetea Mungu. Wapendwa, hakika si sawa na ukweli. Sauli alikuwa na hakika mpaka alipoanguka chini na kusikia sauti ikimwuliza kwa nini anamtesa Bwana. Nilipoweka karatasi ile kando ya simu, nilikumbuka barabara ya Dameski.

Nimeitazama sana alama ile tangu siku hiyo. Kichwa, na kutembea. Sasa nasema mfano wangu mimi mhubiri, si mafundisho ya Wajapani. Waefeso 5:23 inasema Kristo ndiye kichwa cha Kanisa. Kichwa kipo, hakina shida. Shida ni miguu. Tunaye kichwa, lakini je, tunatembea? Wazee wa Kisangani wanaijua reli ya Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili watu na mizigo wapite kando ya maporomoko ya mto. Wanajua pia kwamba treni isipopita muda mrefu, majani yanapanda juu ya vyuma. Reli bado inaitwa reli, lakini haimfikishi mtu popote. Vivyo hivyo mtu anaweza kuitwa wa Njia, akawa na kadi ya kanisa na kiti cha mbele, na majani yamefunika.

Usiku ule, nani alitembea katika njia? Mimi nilihubiri, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi letu ndiye aliyefungua mlango. Bwana aliwahi kusimulia habari ya kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili, na Msamaria akasimama. Kila mara nilihubiri somo hilo nikijiweka upande wa Msamaria.

La tatu: mtoto ni mkubwa kuliko alama.

Kuna mwana wa nchi yetu anayeitwa Popole Misenga, aliyezaliwa mwaka 1992. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, linaeleza kwamba akiwa na miaka tisa alikimbia mapigano hapa hapa Kisangani. Akatengana na jamaa yake. Akakaa msituni siku nane ndipo akaokolewa, akapelekwa Kinshasa. Huko, katika kituo cha watoto waliokimbia vita, ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akabaki Brazil akaomba ukimbizi. Mwaka 2016, katika mji ule ule wa Rio, alikuwa mmoja wa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, pamoja na dada yetu Yolande Mabika, mwana-judo Mkongomani kama yeye. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Mwaka 2021 akashindana tena Olimpiki, safari hii Tokyo, katika jengo linaloitwa Budokan. Katikati ya jina hilo mna «do» ile ile.

Sisi wa Kisangani tunajua vita. Waliokuwa hapa Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, hawahitaji kuelezwa. Tunajua mtoto aliyepotea ni nini. Mtoto yule wa msituni alikuta mlango uliofunguliwa, na baadaye akapata mkeka wa mazoezi na mtu wa kumfundisha jinsi ya kuanguka na kusimama tena. Hiyo ndiyo njia aliyopewa. Mimi, katika mji huo huo, wakati wa amani, nilimtoa mtoto aliyekuwa tayari nyumbani.

Wazazi, wajomba, na ninyi wachungaji wenzangu mnaonisikiliza: kumwita mtoto mlozi si jambo dogo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Lakini hata kama sheria ya nchi isingekuwepo, Mathayo 18 ingetosha. Bwana anamweka mtoto katikati, anasema anayempokea mtoto kwa jina lake anampokea yeye. Kisha anataja jiwe la kusagia, shingo, na kilindi cha bahari. Hayo maneno hayakuelekezwa kwa wapagani. Aliwaambia wanafunzi wake.

Mama yule sikumlaumu, wala ninyi msimlaumu. Aliuliza. Aliyejibu ni mimi.

Nini nimefanya? Nilikwenda kwa mwalimu, nikamwomba kijana msamaha mbele yake. Nikamrudisha nyumbani mimi mwenyewe, nikakaa na mjomba mpaka usiku, nikamwambia: «Neno nililosema halikutoka kwa Mungu. Lilitoka kwangu. Nalirudisha.» Mjomba alinyamaza sana, lakini alifungua mlango. Nimelipa tisheti mpya, kwa maana Zakayo hakusema tu samahani, alirudisha. Na Jumapili hii nitasimama mahali pale pale nilipoinua tisheti, niwaambie watu wale wale walioona moto.

Kijana yuko nyumbani, anasoma, anafanya mazoezi. Kanisani hajarudi. Nafasi yake kwenye korali ya vijana haijajazwa. Sijui kama anasikiliza redio leo. Kama unasikiliza, mtoto wangu: huna deni kwetu. Sisi ndio tuna deni kwako. Ukija na tisheti yako kifuani, utaingia kwa mlango wa mbele. Na usipokuja bado, mimi nitaendelea kupita kwenu kukusalimu.

Ndugu msikilizaji, labda na kwako kuna mtoto anayelala nje kwa ajili ya neno lililosemwa bila kuulizwa. Labda lilisemwa na nabii, labda na wewe mwenyewe. Usingoje ibada ya Jumapili. Kazima redio, vaa viatu, kamtafute.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ndiwe njia. Tusamehe tulipofunga njia mbele ya watoto wako. Tupe masikio ya kusikiliza kabla ya kinywa cha kuhukumu. Tufundishe kusema «sijui» bila aibu. Rudisha nyumbani kila mtoto wa Kisangani aliyefukuzwa, na utuoneshe mlango wa kufungua usiku huu. Katika jina lako tumeomba. Amina.